KEN SARO-WIWA: MWANDISHI ALIYESIMAMA BAINA YA WATU WAKE NA VISIMA VYA MAFUTA

KWA watu wa Chundwa, Siyu, Faza na Pate yenyewe, habari ya gesi si habari ngeni. Mnamo mwaka wa 1970 na 1971 kampuni za Shell na BP, zikifanya kazi kwa ubia, zilichimba kisima katika kisiwa cha Pate, kina cha zaidi ya kilomita nne kwenda chini, na huko chini gesi ikaonekana. Kisima kikafungwa, wachimbaji wakaenda zao, na kisiwa kikabaki na minazi yake, mikoko yake na maji yake ya visima vifupi. Ikapita miaka arobaini na zaidi. Mwishoni mwa mwaka wa 2017 kampuni nyingine iitwayo Zarara ikaja kuchimba kisima cha pili, na kazi ikaendelea mwaka wa 2018. Hata leo hapana gesi ya Pate iliyopata kuuzwa sokoni. Walakini suala limebaki barazani: siku itakapotoka, itakuwa mali ya nani? Na mvuvi wa Chundwa na mkulima wake watapata nini, na watapoteza nini?

Suala hilo liliulizwa zamani na mtu mmoja wa upande wa pili wa Afrika, huko Nigeria. Hakuwa mwanasiasa wa kuzaliwa wala mtaalamu wa madini. Alikuwa mwandishi wa hadithi na michezo ya kuigiza, mtu mfupi wa kimo, mpenda kiko na mpenda mzaha. Jina lake ni Kenule Beeson Saro-Wiwa, na wengi walimwita Ken. Alinyongwa siku ya Ijumaa, tarehe 10 Novemba, 1995, akiwa na umri wa miaka 54. Tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake, kwa kuwa yaliyompata yeye na watu wake yanawahusu wote wanaoishi juu ya ardhi ambayo chini yake kuna kitu ambacho ulimwengu unakitaka.

KUZALIWA NA MASOMO

Ken alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1941, katika mji wa Bori, nchi ya Waogoni, mashariki ya delta ya mto Niger. Nchi hiyo ni ndogo, eneo lake lapata kilomita za mraba 1,000 tu, na katika miaka ya tisini wakazi wake walikadiriwa kuwa nusu milioni. Waogoni ni wakulima wa viazi vikuu na muhogo, na upande wa pwani ni wavuvi. Mtu wa Lamu angefika huko asingejiona mgeni sana: ni nchi ya vijito vya maji ya chumvi, mikoko iliyosongamana, kaa na chaza matopeni, na mitumbwi inayongojea maji kujaa ndipo itoke.

Baba yake, Jim Wiwa, alikuwa mlinzi wa misitu. Ken alikuwa hodari wa masomo tangu utotoni. Mnamo mwaka wa 1954 akapata nafasi katika shule ya serikali ya Umuahia, shule ile ile iliyomsomesha Chinua Achebe na waandishi wengine mashuhuri wa Nigeria. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Ibadan, akasoma fasihi ya Kiingereza na kushiriki sana katika michezo ya kuigiza.

Wakati yeye yupo shuleni, kwao kulikuwa kunabadilika. Mwaka wa 1956 mafuta ya kufaa biashara yaligunduliwa Oloibiri, katika delta hiyo hiyo. Mwaka wa 1958 yakagunduliwa katika nchi ya Waogoni, mahali paitwapo Bomu. Kampuni iliyoyachimba ilikuwa ni ya Shell na BP kwa ubia, yaani majina yale yale mawili yaliyokuja kusikika Pate miaka kumi na mbili baadaye. Watu walifurahi. Waliambiwa kuwa neema imewafikia, na hapana aliyekuwa na sababu ya kulikataa neno hilo.

VITA NA KAZI YA SERIKALI

Mwaka wa 1967 vita vya Biafra vilipozuka, Ken alikuwa kijana wa miaka 25 aliyekwisha anza kazi ya ualimu wa chuo kikuu. Jimbo la mashariki lilipojitangaza kuwa nchi mbali, yeye hakulifuata. Alihofu kwamba makabila madogo kama lake yangemezwa na kabila kubwa la Waigbo, akavuka kwenda upande wa serikali ya shirikisho. Serikali ikamfanya msimamizi wa Bonny, bandari ya kusafirishia mafuta. Wako waliomlaumu kwa uamuzi huo mpaka kufa kwake, na yeye naye hakuacha kuutetea.

Baada ya hapo alikuwa waziri katika serikali ya Jimbo la Rivers, akashughulikia elimu na mambo mengineyo. Lakini ulimi wake haukujua kutulia. Alizidi kudai kuwa Waogoni wapewe mamlaka ya mambo yao wenyewe, na mwaka wa 1973 akaondolewa kazini. Akaingia katika biashara ya duka na ya majumba, akafanikiwa. Fedha hizo ndizo zilizompa uhuru wa kuandika bila ya kumwomba mtu.

MWANDISHI WA WATU

Mnamo mwaka wa 1985 Ken alitoa riwaya iliyomtangaza duniani, iitwayo Sozaboy. Ni hadithi ya kijana wa kijijini, Mene, anayejiandikisha uaskari kwa kupenda nguo za kijeshi na kwa kutaka kumfurahisha mke wake. Anakwenda vitani asijue vita ni vya nini, wala adui ni nani, na anaporudi hakuti mji wala jamaa. Ken hakuiandika kwa Kiingereza cha darasani. Aliiandika kwa kile alichokiita Kiingereza kilichooza, mchanganyiko wa lugha ya sokoni, ya barabarani na ya vitabuni, kama watu wanavyosema hasa. Wako wasomi walioguna. Lakini mtu aliyelelewa na Kitikuu nyumbani, kisha akafunzwa Kiswahili cha vitabu shuleni, atafahamu mara moja kwa nini alifanya hivyo. Machungu ya mtu huelezeka vyema kwa lugha aliyoyapatia.

Katika mwaka huo huo wa 1985 alianza mchezo wa televisheni ulioitwa Basi and Company, ulioendelea mpaka mwaka wa 1990. Watazamaji wake walikadiriwa kuwa milioni 30. Mhusika wake mkuu, Basi, anaishi katika chumba cha kupanga mjini Lagos. Hana kazi, kodi haijalipwa, na kila siku anabuni hila mpya ya kupata mamilioni bila ya jasho. Hila zote zinaharibika. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, na wengi hawakutambua kuwa wanajicheka wenyewe. Ken alikuwa anaonyesha jinsi fedha ya mafuta ilivyoifundisha nchi nzima kungojea utajiri badala ya kuufanyia kazi.

Kwa jumla aliandika vitabu zaidi ya 20: riwaya, mashairi, hadithi fupi, vitabu vya watoto, na kumbukumbu za vita. Kadhalika alikuwa mwandishi wa safu ya gazeti, na safu hiyo ilisimamishwa mwaka wa 1990 kwa sababu ya ukali wake.

MOTO USIOZIMIKA

Sasa tuangalie ni jambo gani lililomfanya mtu wa starehe kama huyo aache biashara na michezo yake.

Mafuta yanapotoka ardhini hutoka pamoja na gesi. Kuikusanya gesi hiyo na kuipeleka mahali pa kutumika kwataka mabomba na mitambo, na mitambo yataka fedha. Huko Nigeria wachimbaji waliona rahisi zaidi kuiwasha na kuiacha iungue. Basi miali mikubwa ya moto ikawaka karibu na vijiji, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Watoto wa Ogoni wakakua bila ya kuujua usiku wa giza. Masizi yakaangukia mapaa, mazao na maji ya mvua.

Mabomba yakapitishwa juu ya mashamba na katikati ya makaazi. Yalipochakaa yakapasuka, na mafuta yakatambaa katika vijito. Mwaka wa 1970, mwaka ule ule wa kisima cha Pate, kisima kimoja cha Bomu kilifumuka na kumwaga mafuta juu ya ardhi na maji ya watu kwa muda wa majuma. Mkoko ukiingiwa na mafuta mizizi yake hukosa pumzi, nao hufa. Mkoko ukifa, kaa na chaza hawana pa kukaa, na samaki hawana pa kuzaa. Mvuvi aliyekuwa akivua mbele ya mlango wake akalazimika kwenda mbali baharini kwa chombo ambacho hakukijengea bahari kuu.

Na fedha je? Nigeria ilipopata uhuru mwaka wa 1960, sheria ilisema nusu ya mapato ya madini yarudi katika jimbo yalikotoka. Lakini kadiri mafuta yalivyozidi kuwa tegemeo la nchi ndivyo fungu hilo lilivyopunguzwa, mpaka katika miaka ya themanini likafika asilimia moja na nusu tu. Mwaka wa 1978 serikali ya kijeshi ikapitisha amri kuwa ardhi yote ya jimbo iko chini ya mamlaka ya gavana. Kwa hiyo mkulima aliyepitishiwa bomba hakulipwa thamani ya ardhi, bali ya mazao yaliyokuwa juu yake siku hiyo. Waogoni wakawa ni watu wachache, wasio na sauti kwenye mji mkuu, na wahenga walikwisha tuonya kuwa asiyekuwapo na lake halipo.

HARAKATI ZA WAOGONI

Mnamo mwaka wa 1990 wazee na wasomi wa Ogoni walikutana, wakaandika hati ya haki zao na kuunda chama kilichojulikana kwa kifupi MOSOP. Ken alikuwa mmoja wa waasisi na ndiye aliyekuwa kalamu ya chama. Madai yao yalikuwa matatu makubwa: wasimamie mambo yao wenyewe ndani ya Nigeria, wapate fungu la haki la mali inayotoka kwao, na ardhi na maji yao yahifadhiwe. Hawakudai kujitenga. Na Ken alisisitiza tangu mwanzo kuwa hapatatumika silaha.

Serikali haikujibu. Ndipo Ken alipoamua kuupeleka ujumbe nje. Mwaka wa 1992 alifika Geneva mbele ya Umoja wa Mataifa. Alizunguka Ulaya na Marekani akionyesha picha za moto wa gesi na vijito vyeusi. Kila alipokwenda alikuta watu wanaojaza mafuta katika magari yao kila siku bila ya kupata kusikia jina Ogoni.

Tarehe 4 Januari, 1993, watu wapatao 300,000 walitoka majumbani wakaandamana kwa amani, wameshika matawi ya miti. Yaani zaidi ya nusu ya kabila zima, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Siku hiyo hapakumwagwa damu. Katika mwaka huo kampuni ya Shell ikasimamisha uchimbaji wake katika nchi ya Waogoni, na tangu hapo haikurudi kuchimba.

Serikali ya kijeshi iliona hatari. Ikiwa kabila moja dogo laweza kuzuia mafuta, na mengine yatafanya nini? Askari wakatiwa Ogoni, vijiji vikashambuliwa, watu wakauawa na maelfu wakakosa makao. Ken mwenyewe alikamatwa katikati ya mwaka wa 1993 akawekwa ndani kwa mwezi mmoja na siku moja, na kumbukumbu aliyoiandika juu ya kifungo hicho ilitolewa baada ya kufa kwake.

MGAWANYIKO

Hapa tunafika mahali penye uchungu zaidi katika habari hii, na si haki kupapita mbio.

Waogoni wenyewe waligawanyika. Wako wazee waliokuwa pamoja na Ken tangu mwanzo ambao waliona anakwenda kasi mno. Uchaguzi wa rais wa Juni 1993 ulipokaribia, MOSOP iliamua kuususia. Wazee kadhaa walipinga uamuzi huo, wakajiuzulu, na Ken akawa mwenyekiti. Vijana wakaanza kuwatilia shaka wazee hao kuwa wamenunuliwa. Maneno makali yakasemwa mikutanoni. Ndugu akaanza kumtazama ndugu yake kwa jicho la pembeni, na mtu aliyekwenda kuonana na maafisa wa serikali hata kwa jambo dogo akaitwa msaliti.

Tarehe 21 Mei, 1994, wazee wanne walikuwa mkutanoni mahali paitwapo Giokoo. Walikuwa ni Edward Kobani, Albert Badey, na Samuel na Theophilus Orage. Kundi la vijana likawavamia na kuwaua. Kobani alikuwa rafiki wa Ken wa miaka mingi, na akina Orage walikuwa jamaa wa mkewe. Ken hakuwapo, siku hiyo askari walikuwa wamemzuia njiani asiingie Ogoni, wakamrudisha. Lakini serikali ikatangaza kuwa yeye ndiye aliyewachochea wauaji, na kesho yake akakamatwa.

Familia za wale wanne zilikuwa na msiba wa kweli, na machungu yao hayakupungua kwa sababu ya umaarufu wa Ken. Mtu anayesimulia habari za Ogoni akawataja walionyongwa na kuwaacha waliouawa Giokoo, basi ameisimulia nusu.

KESI NA KIFO

Ken na wenzake hawakupelekwa mahakama ya kawaida. Kiongozi wa nchi, Jenerali Sani Abacha, aliunda baraza maalumu la hukumu ambalo uamuzi wake haukuwa na rufaa, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa mwanajeshi. Mawakili mashuhuri, kama Gani Fawehinmi na Femi Falana, walisimama kuwatetea washtakiwa, mwishowe wakajitoa kwa kuona kuwa hapana haki inayotendeka. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka walikula kiapo kuwa walihongwa ili waseme uongo.

Akiwa kifungoni Ken alipewa tuzo mbili kubwa za kimataifa, moja mwaka wa 1994 na nyingine mwaka wa 1995, ya pili ikiwa ni ya watetezi wa mazingira. Hazikumwokoa. Mwishoni mwa Oktoba 1995 yeye na wenzake wanane walihukumiwa kifo. Hao wenzake ni Baribor Bera, Saturday Dobee, Nordu Eawo, Daniel Gbokoo, Barinem Kiobel, John Kpuinen, Paul Levura na Felix Nuate. Makamu wa Ken katika chama, wakili Ledum Mitee, aliachiliwa.

Viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa wanakutana New Zealand. Maombi ya huruma yalitumwa kutoka pembe zote za dunia, na wengi waliamini kuwa Abacha hangethubutu. Baraza la kijeshi likaithibitisha hukumu tarehe 8 Novemba, na siku mbili baadaye wote tisa wakanyongwa katika gereza la Port Harcourt. Walizikwa bila ya makaburi yao kuwekwa majina. Nigeria ikasimamishwa uanachama wa Jumuiya ya Madola mpaka mwaka wa 1999.

Jamaa za marehemu waliishtaki Shell nchini Marekani, wakidai kuwa ilishirikiana na utawala wa kijeshi. Kampuni ilikana. Mwaka wa 2009, kabla kesi haijasikilizwa, ilikubali kulipa dola milioni 15.5 bila ya kukiri kosa. Na tarehe 12 Juni, 2025, karibu miaka 30 baada ya kunyongwa, Rais Bola Tinubu wa Nigeria aliwatangazia wale tisa msamaha, na wale wazee wanne wa Giokoo nao wakatunukiwa heshima ya taifa. Wako Waogoni walioupokea msamaha huo kwa shukrani, na wako waliosema kuwa asiyekosa hasamehewi, bali husafishwa jina.

YALIYOBAKI ARDHINI

Mwaka wa 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapa kwetu Nairobi, lilitoa ripoti juu ya nchi ya Waogoni. Wataalamu wake walikagua mahali zaidi ya 200. Katika kijiji kimoja, Nisisioken Ogale, waligundua watu wanakunywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayoweza kuleta saratani, kwa kiwango cha zaidi ya mara 900 ya kile kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Walikadiria kuwa kusafisha kutachukua miaka 25 hadi 30, na kwamba dola bilioni moja zitahitajika kwa miaka mitano ya mwanzo tu. Kazi ya kusafisha ilizinduliwa mwaka wa 2016. Mwaka wa 2015 Shell ilikubali kuwalipa watu wa Bodo, kijiji cha wavuvi wa Ogoni, pauni milioni 55 kwa mafuta yaliyomwagika mwaka wa 2008.

Msomaji atauliza, haya ni ya mafuta, na sisi tunazungumza habari ya gesi. Ni kweli kuwa gesi haimwagiki ikatia weusi maji kama mafuta. Lakini kuichimba kwataka mambo yale yale: ardhi ya kuweka mitambo, njia ya magari, maji matamu kwa wingi, na mahali pa kutupa tope na maji machafu yatokayo kisimani. Katika nchi nyingine siku hizi kuna gesi iliyonasa ndani ya mwamba wa udongo ulioshindiliwa. Ili itoke, hutobolewa chini kisha kwa upande, na maji mamilioni ya lita yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa kwa nguvu mpaka mwamba upasuke. Huko Argentina, katika eneo la Vaca Muerta, wenyeji wa Kimapuche wamekuwa katika mabishano na wachimbaji juu ya ardhi na maji. Huko Afrika Kusini, wakulima wa jangwa la Karoo walipinga jambo hilo tangu lilipoanza kutajwa, kwa sababu visima vya maji ndio uhai wao. Mtu wa Pate, anayetegemea kisima kifupi na jabia la maji ya mvua, hahitaji kufasiriwa hofu hiyo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka wa 2013 watu wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, walifanya fujo, mali zikachomwa na roho zikapotea, kwa kuhofu kuwa gesi yao inapelekwa Dar es Salaam kwa bomba na wao waachwe patupu. Na hapa Lamu, mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa wavuvi zaidi ya 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata baraza la hukumu za mazingira likaibatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Ni tofauti kubwa na Ogoni ya Abacha. Wenyeji walikwenda kortini, wakasikilizwa, wakashinda, na hapana aliyenyongwa.

Kadhalika sheria ya mafuta ya Kenya ya mwaka wa 2019 imesema kuwa katika fungu la serikali, asilimia 20 iende kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali mali ilipotoka. Waogoni wa mwaka wa 1990 wangeliiona asilimia hiyo kuwa ni neema. Lakini maneno jamii ya mahali yana mtihani ndani yake. Kisima kikiwa Pate, jamii ni nani? Ni kijiji kilicho karibu na mtambo peke yake? Ni Chundwa, Siyu, Faza, Mbwajumwali na Kizingitini zote pamoja? Mvuvi asiye na shamba yumo? Na mwenye shamba alilorithi kwa babu bila ya hati, atahesabiwa vipi? Masuala haya yakingojea mpaka siku fedha itakapowasili, yatajibiwa kwa ugomvi, na Giokoo imetuonyesha ugomvi wa namna hiyo unaweza kuishia wapi.

Lipo na jambo jingine, dogo kwa gharama lakini kubwa kwa faida. Huko Ogoni maji yalikuja kupimwa barabara mwaka wa 2011, miaka 53 tangu mafuta yagunduliwe Bomu. Kwa hiyo mtu aliposema kuwa kisima chake kilikuwa kizuri zamani, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Chundwa na miji mingine ya Pate bado ina nafasi hiyo. Maji ya visima na majabia yapimwe sasa, kabla mtambo mwingine haujateremshwa gatini. Mikoko ihesabiwe, mashamba yaandikwe kwa majina ya wenyewe, na nakala za vipimo hivyo ziwekwe kwa wazee wa kila mji, si ofisini peke yake.